Tamaa mbele, mauti nyuma: Mazungumzo ambayo familia za mwambao wa Kirando huyakwepa

Kirando. Kila mwezi mbalamwezi inapotimia juu ya Ziwa Tanganyika, mji wa Kirando hubadilika. Zile taa za wavuvi ambazo usiku mwingine humeta majini kama mji wa pili, huzimika. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu huanikwa na kushonwa, injini hufunguliwa na kusafishwa.

Sababu yake kila mtoto wa mwaloni anaijua. Dagaa hufuata mwanga. Usiku wa giza, taa ikishushwa karibu na maji, dagaa hukusanyika chini yake na migebuka huja nyuma yao kuwawinda. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, samaki hawana sababu ya kuifuata taa. Kwa hiyo kwa siku kadhaa baba yuko nyumbani usiku, anakula ugali wa muhogo na watoto wake, analala kitandani kwake.

Ndizo siku ambazo familia huzungumza. Huzungumzia ada ya shule, deni la mafuta ya injini, bati la nyumba, mahari ya kijana mkubwa. Lakini kuna jambo moja ambalo karibu kila familia hulikwepa, ingawa ndilo lililo karibu zaidi na mlango: itakuwaje siku baba asiporudi?

Akithubutu mke kuuliza, jibu huwa jepesi kutabirika. Usitaje mabaya. Unaniombea nife? Mambo hayo mwachie Mungu. Mazungumzo huishia hapo, mwezi hufifia, taa hurudi majini.

Kirando ipo Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, chini kabisa ya barabara inayoteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kupitia Namanyere. Mbele yake ni ziwa lenye kina cha mita 1,470 mahali palipo pa kina zaidi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Watu wanaoishi kando ya maji ya namna hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba kifo kipo. Wanachohitaji, kama sisi sote, ni namna ya kuishi nacho.

Swali hilo si geni. Wanafalsafa, mashehe, mapadri na wazee wa mila wamelishughulikia kwa maelfu ya miaka. Na mtu mmoja aliyelijibu kwa maisha yake yote aliishi katika mwambao huu huu, kaskazini ya Kirando, kwa miaka 67.

Methali yenye pande mbili

Waswahili wana maneno manne ambayo yamebeba somo zima: tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa kawaida methali hii hutolewa kama onyo. Kijana aliyeng'ang'ania kwenda ziwani wakati kusi inavuma kwa nguvu, mtumbwi uliopakia kupita kiasi, mtu aliyefuata fedha za haraka akaishia pabaya, wote husomewa maneno hayo.

Onyo hilo ni la kweli, lakini si ukweli wote. Tamaa ndiyo inayomwamsha mvuvi. Bila hamu ya kumsomesha mtoto, ya kuezeka nyumba, ya kumpendeza mke, hakuna ambaye angeingia ziwani usiku wa giza. Mtu asiyetamani chochote hatumwiti mtakatifu. Mara nyingi ni mgonjwa. Wataalamu wa afya ya akili huhesabu kupotea kwa hamu ya chakula, ya kazi na ya watu kuwa miongoni mwa dalili kuu za sonona.

Hapo ndipo mafundisho ya kale yanapotofautiana. Buddha, aliyefundisha huko India karne nyingi kabla ya Kristo, aliona kwamba mateso ya binadamu yanatokana na kiu isiyokwisha: ukipata unataka zaidi, na ulichopata unaogopa kukipoteza. Dawa yake ilikuwa kuipunguza kiu yenyewe.

Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, alichukua njia nyingine. Yeye alizichambua tamaa kama mchuuzi anavyochambua dagaa kwenye kichanja. Zipo za asili na za lazima, kama chakula, maji, malazi na marafiki. Zipo za asili lakini si za lazima, kama mlo wa kifahari. Na zipo zisizo za asili wala za lazima, kama kiu ya umaarufu na mali isiyo na kikomo. Za kwanza hutosheka kwa urahisi. Za mwisho hazitosheki kamwe, na ndizo zinazomfanya mtu aogope kufa, kwa sababu siku zote anahisi bado hajaanza kuishi.

Kuhusu kifo chenyewe, Epicurus alikuwa na hoja fupi. Tukiwapo sisi, kifo hakipo. Kikija kifo, sisi hatupo. Kwa hiyo, alisema, hatukutani nacho, na hakuna cha kuogopa.

Ni hoja nzuri, lakini mjane yeyote wa mwambao angeiona kasoro yake papo hapo. Huenda marehemu hakutani na kifo chake. Wanaobaki hukutana nacho. Hukutana nacho asubuhi wanapokwenda kuteka maji, hukutana nacho shule zinapofunguliwa, hukutana nacho kila mtumbwi unapotia nanga na yeye hayumo. Kifo ni jambo la familia kabla hakijawa jambo la falsafa.

Somo la miezi mitatu

Mwaka 2024 watu wa mwambao walipata somo la tamaa ambalo hawakulitafuta. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Serikali ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa miezi mitatu riziki ya maelfu ya watu ilisimama.

Ilikuwa adha kubwa kwa wasio na shamba wala akiba. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo mbalamwezi imelifundisha siku zote kwa kiasi kidogo: kwamba kujizuia leo si kuchukia maisha, bali ni kuyatunza. Anayevua kila usiku kwa nyavu za macho madogo, mpaka vifaranga, hapendi samaki kuliko mwenzake. Anaharibu anachokipenda.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa tamaa za mwili pia. Rukwa, kama mikoa mingine, ina kizazi kilichozika ndugu wengi kwa Ukimwi kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa katika huduma za umma mwaka 2004. Miaka ile, miji ya mialo yenye wanaume waliotoka mbali, fedha za usiku mmoja na pombe, ililipa gharama kubwa. Leo mtu anayeishi na virusi akitumia dawa ipasavyo anaweza kuzeeka na kuwaona wajukuu. Ugonjwa ule ulipofika, wengi waliusoma kama adhabu. Wengine walikata tamaa wakasema kila mtu atakufa, kwa nini kujinyima? Waliookoka zaidi ni waliochagua njia ya tatu: kupima, kumwambia mwenza ukweli, kumeza dawa kila siku, na kuendelea kupenda.

Daktari aliyetoka jangwani

Ukifuata mwambao kuelekea kaskazini kutoka Kirando, unafika Karema, ambayo leo ipo Mkoa wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome hapo, na mwaka 1885 waliikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe. Miaka minne baadaye alifika kijana mmoja mweusi aliyekuwa ametembea kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, mwenye mafunzo ya udaktari. Jina lake lilikuwa Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa takriban mwaka 1866 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto aliibwa na wafanyabiashara ya utumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha akiwa na umri wa miaka kama 10. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa na mpango: vijana Waafrika waliokombolewa wafundishwe utabibu, kisha wapelekwe kuwahudumia Waafrika wenzao. Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari, na mwaka 1888 akaanza safari ya kuja Afrika Mashariki.

Alifika Karema mwaka 1889. Hakuondoka. Aliendelea kuwa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo hilo, inafaa kukumbuka dunia aliyoifanyia kazi. Alipofika ziwani hakuna daktari duniani aliyekuwa na uthibitisho kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aliligundua hilo mwaka 1897. Ndui ilikuwa ikiua na kupofusha. Haikutangazwa kutokomezwa duniani hadi mwaka 1980. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulilivamia ziwa. Antibiotiki hazikuwapo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Kwa maneno mengine, kwa miongo mingi wagonjwa wengi waliofika kwa Atiman wakiwa mahututi walikufa, naye alijua hivyo kabla hajawagusa.

Mtu aliyeibwa kwao akiwa mtoto alikuwa na sababu zote za kuichukia dunia. Mtu aliyeona vifo vingi kiasi hicho alikuwa na sababu zote za kukata tamaa. Atiman alioa, akapata mtoto, akajifunza lugha na dawa za watu wa mwambao, akaamka kila asubuhi kwenda kwa mgonjwa anayefuata.

Mwanafalsafa Epictetus, ambaye naye alikuwa mtumwa, katika dola ya Roma karne ya kwanza, alifundisha kwamba hekima huanza kwa kutenganisha mambo mawili: yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mahali ulipozaliwa, aliyekuuza, siku utakayokufa, hayo si yako. Namna unavyomhudumia aliye mbele yako leo, hiyo ni yako. Atiman aliyaishi hayo mafundisho bila kuyatangaza.

Hata katika familia yake alikabiliwa na swali gumu la Kiafrika kuhusu kifo. Mwanawe Joseph akawa padri. Kwa Mkatoliki ni heshima kubwa. Kwa mzee wa ukoo maana yake ni kwamba mtoto huyo hatakupa wajukuu. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake kuhusu familia za Kifipa kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha jinsi uzazi ulivyokuwa kiini cha maisha ya Wafipa, na jinsi wito wa upadri na usista ulivyowaweka wazazi katika mtihani.

Leo jina la Atiman limo katika hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga. Maelfu wanaolitamka wakienda kujifungua au kumuuguza mzazi si wa damu yake.

Madaktari wawili

Mwaka 1913 nchini Algeria, nchi ile ile ambako Atiman alikombolewa, alizaliwa mwandishi Albert Camus. Riwaya yake La Peste, iliyotoka mwaka 1947, inasimulia juu ya tauni inayoufunga mji wa Oran. Shujaa wake ni daktari anayeitwa Rieux, ambaye haamini Mungu. Yupo pia padri anayehubiri kwamba tauni ni adhabu ya dhambi. Halafu padri huyo anakaa kando ya kitanda cha mtoto anayekufa kwa maumivu, na baada ya hapo hawezi tena kuhubiri kwa urahisi ule wa kwanza.

Rieux anajua kwamba ushindi wake wote dhidi ya kifo ni wa muda tu. Anaendelea kutibu hata hivyo.

Ukimweka Rieux wa kitabuni kando ya Atiman wa Karema, unaona jambo linalostahili kutafakariwa. Mmoja hakuwa na dini. Mwingine alifundisha dini kila siku ya maisha yake. Kuhusu kinachofuata baada ya kaburi wasingekubaliana kamwe. Kuhusu asubuhi ya leo wasingekuwa na ugomvi wowote: kuna mgonjwa, twende.

Dini: taa au pazia?

Kirando ina kanisa na ina msikiti. Nyuma ya vyote viwili ipo mila ya wahenga, ambayo haijaondoka. Kila moja ina la kusema kuhusu kifo.

Imamu Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliufunga mkusanyiko wake mkubwa wa mafundisho kwa kitabu kizima juu ya kukumbuka mauti. Kwake, kukumbuka mauti hakukuwa kulia na kujifungia. Kulikuwa ni kuamka: kulipa deni, kuomba radhi, kuacha dhuluma kabla muda haujakwisha. Katika Biblia, kitabu cha Mhubiri kinasema mambo mazito juu ya ubatili wa dunia, lakini hicho hicho humhimiza mtu ale, anywe, afurahie kazi yake na mwenzi wake, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu yake chini ya jua.

Profesa John Mbiti wa Kenya, aliyefariki mwaka 2019, alieleza mtazamo wa Kiafrika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika. Marehemu, alisema, haondoki mara moja. Maadamu wapo waliomjua kwa sura na kwa jina, bado ni kama yu hai kati yao. Anazama kabisa pale wa mwisho aliyemkumbuka anapofariki naye. Ndiyo maana mtoto hupewa jina la babu, na ndiyo maana kufa bila wa kukukumbuka kuliogopwa kuliko kufa kwenyewe.

Mafundisho hayo yote yanaweza kuwa taa. Lakini katika familia nyingi hugeuzwa pazia. Mtumbwi ukizama, husemwa ni kazi ya Mungu, na hakuna anayeuliza kwa nini ndani yake hamkuwa na jaketi okozi hata moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya asilimia 90 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi kubwa ya vifo hivyo ingeweza kuzuilika. Kumtaja Mungu mahali pa jaketi si imani. Waislamu wenyewe hufundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola.

Pazia la pili ni baya zaidi. Kifo cha ghafla kikitokea, badala ya kuuliza ni nini kilichomuua, watu huuliza ni nani. Bibi mzee mwenye macho mekundu, ambayo pengine yamekuwa hivyo kwa miaka mingi ya moshi wa kuni, anaanza kutazamwa vibaya. Msiba mmoja huzaa wa pili. Kukubali kwamba kifo ni sehemu ya maisha ni kinga pia: humwondolea jirani asiye na hatia mzigo wa kutafutiwa kosa.

Msiba usio na mwili

Wafiwa wa mwambao wana jeraha ambalo watu wa uwandani hawalijui sana. Wakati mwingine ziwa halirudishi mwili. Hakuna cha kuosha, hakuna cha kuzika, hakuna kaburi la kupalilia. Watu hukaa tanga, lakini mjane hubaki na sikio moja mlangoni.

Wataalamu wa afya ya akili wanaijua hali hii, na wanasema ni miongoni mwa misiba migumu kupona, kwa sababu tumaini na huzuni hupigana ndani ya mtu yule yule. Kinachosaidia ni kuupa msiba mahali. Familia zinazofanya misa au khitma, zinazoweka siku ya kumtaja marehemu, zinazowaambia watoto ukweli kwa maneno wanayoyaelewa, hupata pa kuwekea huzuni yao. Mtoto anayeambiwa kwamba baba amesafiri atamsubiri. Baadaye atajua, na atapoteza mawili: baba, na imani kwa waliomficha.

Huzuni si ugonjwa. Hupungua taratibu kwa wengi, hasa panapokuwa na watu. Desturi zetu za kulala msibani, kupika pamoja, kutoa rambirambi na kuanua matanga ni tiba ya zamani yenye hekima. Tatizo huanza pale wageni wanapotawanyika. Mfiwa ambaye baada ya miezi mingi hali, halali, anakunywa pombe kupita kiasi au anasema ni heri naye afe, asiachwe peke yake na asiambiwe ajikaze. Apelekwe kituo cha afya, na mtu aende naye.

Mwandishi na mwanafalsafa wa Kitanzania Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe na kufariki Januari 2020, aliliona hatari hiyo mapema. Riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974 inamfuata kijana msomi ambaye elimu imemwondolea majibu ya wazee bila kumpa mengine, na mwisho wake ni wa kusikitisha. Nusu karne baadaye, vijana wa namna hiyo wapo katika kila kata. Kuwaambia tu wasali zaidi, au kuwaambia tu waache kufikiri, hakutoshi. Wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Mgonjwa aambiwe?

Swali jingine linalozitesa familia ni la mgonjwa asiyepona. Mara nyingi ndugu humwomba mganga asimwambie mgonjwa ukweli, naye mgonjwa, ambaye anaujua mwili wake kuliko wote, hujifanya hajui ili asiwaumize ndugu. Watu wanaopendana huishi wiki za mwisho wakidanganyana.

Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili pekee. Yapo ya moyo, ya mahusiano na ya roho, na yote yanahitaji kutibiwa. Mafundisho hayo yalifika Afrika Mashariki. Nchini Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji, dawa ya kunywa isiyo ghali, imewawezesha wagonjwa wengi wa saratani kuzimaliza siku zao bila kupiga kelele za maumivu.

Mgonjwa asiyeumwa huweza kuzungumza. Huweza kusema shamba liko wapi, deni ni la nani, anataka kuzikwa wapi, anamsamehe nani. Haya ndiyo mambo ambayo familia hutamani baadaye kwamba yangesemwa.

Wakati mwezi bado mpevu

Kwa hiyo siku za mbalamwezi zinaweza kutumika vizuri zaidi. Si lazima kufanya kikao cha kutisha. Inatosha jioni moja, watoto wadogo wakishalala.

Kwanza, wenza waambiane ukweli wa mali na madeni: mtumbwi ni wa nani, tajiri anadai kiasi gani, fedha ya kikundi iko wapi. Mjane asiyejua lolote ndiye anayepokonywa kirahisi.

Pili, wosia uandikwe. Kuandika wosia hakumwiti Ziraili, kama vile kununua jaketi okozi hakuitishi dhoruba. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuandika na hutunza wosia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vikae pamoja, mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua.

Tatu, jaketi na hali ya hewa viwe jambo la familia nzima. Mke na watoto wana haki ya kusema leo usiende.

Nne, wazee waulizwe wanayoyataka wangali na nguvu za kujibu. Wengi husubiri tu kuulizwa.

Tano, na hili ndilo husahaulika, watu waambiane mema. Kiswahili kina sifa nzuri sana kwa marehemu, na nyingi huzungumzwa wakati mwenyewe hasikii.

Anayefikiri kwamba mazungumzo hayo yatauharibu usiku na ajaribu mara moja. Mara nyingi hutokea kinyume. Likishasemwa lile zito, watu hucheka zaidi, kwa sababu hakuna tena kinachofichwa chini ya mkeka. Methali inabaki pale pale: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini anayejua kilicho nyuma yake hutembea kwa uangalifu zaidi, na huchagua vizuri zaidi cha kutamani.

Baada ya siku chache mwezi utachelewa kuchomoza. Giza litarudi juu ya ziwa, nyavu zitapakiwa, taa zitawashwa moja baada ya nyingine mpaka upeo wa macho. Wanaume wa Kirando watasukuma mitumbwi majini kama baba zao walivyofanya. Baadhi yao, safari hii, watakuwa wameacha nyumbani karatasi iliyoandikwa, deni lililotajwa na neno jema lililosemwa kwa sauti. Kisha watarudi alfajiri na dagaa.